Ufa Utokee Wapi? Mrija na Bamba katika Seli za Fueli za Oksidi Mango

Seli moja ya fueli ya oksidi mango, kifaa cha kauri kinachogeuza gesi kuwa umeme, ikiwa kazini hutoa volti 0.7 au 0.8 tu. Haiwashi hata tochi ya mawe mawili. Anayetaka umeme wa kuendesha nyumba, hospitali au kituo cha data hana budi kuunganisha makumi, mamia, hata maelfu ya seli hizo, na hapo ndipo kazi ngumu inapoanzia. Kemia yake ni ya zamani. Mwishoni mwa karne ya 19 Walther Nernst alibaini kwamba zirkonia iliyochanganywa na itria, ikipata moto wa kutosha, hupitisha umeme, akaitengenezea taa. Mwaka 1937 Emil Baur na Hans Preis, huko Zürich, wakaitumia kauri hiyohiyo kuunda seli ya kwanza ya aina hii, iliyofanya kazi kwenye joto la nyuzi 1,000 hivi. Tangu hapo vizazi vya wahandisi vimebishana zaidi juu ya umbo na mpangilio kuliko juu ya kemia.

Msimamo wangu katika ubishi huo ni huu. Anayechagua umbo la rundo la seli anachagua mahali ambapo ufa utatokea, na anachagua pia hasara itakuwa kubwa kiasi gani siku utakapotokea. Asilimia za ufanisi zinazotangulizwa kwenye vipeperushi vya wauzaji zije baadaye.

Tuanze na kinachotendeka ndani. Hewa hupita upande wa kathodi. Oksijeni iliyomo hupokea elektroni, ikawa ioni, ikapenya kauri ya elektroliti mpaka upande wa anodi, ambako hukutana na haidrojeni au gesi nyingine ya fueli. Elektroni zinazoachwa pale huzunguka nje kwa waya, na huo ndio umeme. Elektroliti haitakiwi kupitisha kitu kingine chochote. Ikipata ufa, hata mwembamba kama unywele, gesi na hewa hukutana mlemle na kuwaka. Pale palipowaka hupata moto kuliko pembeni mwake, kauri huvutana, ufa ukarefuka.

Aliyewahi kupikia jiko la mkaa lenye kauri ndani na bati nje anajua kwamba udongo na chuma havipatani motoni. Bati hutanuka zaidi, kauri kidogo, na ndiyo maana mafundi wa majiko hayo hujaza katikati saruji iliyochanganywa na vemikulaiti. Hata hivyo, mara nyingi kauri ndiyo hutangulia kupasuka. Ndani ya rundo la seli ugomvi ni uleule, ila nafasi ya kuusuluhisha ni finyu mno. Chukua bamba la zirkonia lenye upana wa sentimita 10, ulipashe kutoka joto la chumba hadi nyuzi 800: litatanuka kwa milimita 0.82 hivi. Chuma cha pua cha kawaida, kile cha masinki, chenye upana huohuo kitatanuka kwa milimita 1.4. Tofauti inapita nusu milimita, na elektroliti ya kisasa inaweza kuwa na unene wa milimita 0.01 tu. Ndiyo sababu mabingwa wa fani hii hutumia chuma maalumu cha jamii ya feriti, chenye kromiamu nyingi, ambacho kutanuka kwake kunakaribiana na kwa kauri. Hata nacho, inabaki tofauti ya kama milimita 0.1, yaani mara kumi ya unene wa elektroliti yenyewe. Mtu akinionyesha mchoro wa rundo jipya, kitu cha kwanza ninachotafuta ni mahali ilipofichwa ile sehemu ya kumi ya milimita.

Wahandisi wa Westinghouse, Marekani, walilijibu swali hilo kwa namna ninayoiheshimu mpaka leo. Seli yao ilikuwa mrija wa kauri uliozibwa mwisho mmoja, kama mrija wa maabara, wenye kipenyo cha milimita 22 na urefu wa kazi wa mita moja na nusu. Ukuta wa mrija ndio uliokuwa kathodi. Juu yake kukapakwa elektroliti ya mikromita 40, kisha anodi ya nikeli na zirkonia. Mirija hutundikwa wima, midomo ikitazama juu. Hewa huteremshwa ndani kwa mrija mwembamba mpaka chini kabisa, kisha hupanda ikipitia kuta, wakati gesi inapanda kwa nje. Zikifika juu, masalio ya hewa na masalio ya gesi hukutana na kuwaka, na joto hilo huipasha hewa mpya inayoingia. Ukiuchunguza mpango huo utaona kwamba sehemu ya moto haina kiungo hata kimoja kinachohitaji kuzibwa. Kila mrija uko huru kurefuka bila kumsukuma jirani.

Kilichonivutia zaidi ni jinsi walivyoiunganisha. Kati ya mrija na mrija waliweka sufu laini ya nikeli, inayopitisha umeme na kukubali kubonyea. Mirija 24 ikafungwa kuwa tita moja, mitatu sambamba, minane kwa mfululizo. Aliyekulia kwenye redio ya mawe sita anakumbuka jinsi jiwe moja bovu lilivyoizima redio nzima, kwa kuwa mawe yote yamefuatana mstari mmoja. Katika tita la Westinghouse mrija mmoja ukifa, miwili iliyo sambamba nao hubeba mzigo wake, kila mmoja ukipokea nusu zaidi ya kawaida yake, na tita linaendelea kufanya kazi. Waliounda mpangilio ule walikuwa wamekubali tangu mwanzo kwamba kauri itapasuka siku moja. Wakajenga kwa kuitarajia siku hiyo.

Desemba 1997 mtambo wa aina hii, wenye mirija 1,152 katika matita 48, uliwashwa mjini Westervoort, Uholanzi. Ulitoa umeme unaopita kidogo kilowati 100 pamoja na joto la kupashia majumba, ufanisi wa umeme ukiwa asilimia 46. Ulifanya kazi kwa zaidi ya saa 16,000 bila dalili ya maana ya kuchoka. Kisha ulizimwa, ukapoa, ukasafirishwa hadi Essen, Ujerumani, ukawashwa tena, na baadaye ukaenda Torino, Italia, kufanya kazi huko. Kifaa cha kauri kilichokuwa kwenye moto wa nyuzi karibu 1,000, kikapakiwa na kuhamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine, kikawaka upya. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huo kwamba umbo lenyewe lilikuwa sahihi.

Mbona basi mrija haukushinda soko? Kwanza, umeme ndani yake husafiri njia ndefu. Elektroni hazikatizi ukuta na kutoka. Huzunguka mduara wa mrija mpaka zifike kwenye utepe wa kiunganishi uliopakwa upande mmoja, na njiani nguvu nyingi hupotea. Kwa hiyo kila sentimita ya mraba ya mrija hutoa umeme mdogo kuliko sentimita hiyohiyo ya bamba, mara kadhaa mdogo. Pili, gharama. Elektroliti ilipakwa kwa kuleta mvuke wa kloridi za zirkoniamu na itriamu ndani ya tanuri la ombwe lenye joto la nyuzi 1,200 hivi, kazi ya polepole inayotaka mitambo ya bei kali. Siemens iliinunua kazi hiyo mwaka 1998, ikajaribu kwa miaka kadhaa kuishusha bei, hata kuubonyeza mrija uwe bapa ili njia ya umeme ifupike, na mwishowe ikaachana na biashara yote.

Bamba lina hoja nzuri, na sipendi kuidunisha. Seli ni kipande bapa, mfano wa kigae chembamba. Juu ya kipande huja bamba la chuma lenye mifereji pande zote mbili: upande mmoja unapeleka hewa kwa seli moja, upande wa pili unapeleka gesi kwa seli inayofuata, na bamba lenyewe linapitisha umeme kati yao. Elektroni hukatiza unene tu, safari isiyozidi milimita chache. Vipande hivi huchapwa na kuchomwa kwa mbinu ambazo viwanda vya kauri vimezizoea. Rundo linakuwa dogo, jepesi, na bei kwa kila kilowati inashuka. Tatizo limehamia pembezoni. Kila seli ina kingo nne, na kila ukingo lazima uzibwe usipitishe gesi, kwenye joto la nyuzi 700 au 800, kwa miaka. Kazi hiyo hufanywa na kioo maalumu cha kuzibia, kinachoyeyuka wakati rundo linapoandaliwa kisha kuganda nusu kioo nusu kauri. Kikishaganda, kila kitu kimeshikamana. Ile sehemu ya kumi ya milimita haina tena pa kwenda.

Ukiishi na bamba, hata mwelekeo wa gesi unakuwa suala la uhai. Hewa na gesi zikipita kwa kukatizana, ni rahisi kutengeneza mabomba ya kuingilia na kutokea, lakini pembe moja ya seli hupata moto kuliko nyingine zote. Zikienda upande mmoja pamoja, joto hupanda taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho, na kauri hupumua. Zikikabiliana, ufanisi unaweza kuwa mzuri zaidi, ila joto hujikusanya karibu na mlango mmoja. Ukiingiza methani moja kwa moja, shida nyingine inatokea: methani na mvuke vikigeuzwa kuwa haidrojeni juu ya nikeli hunyonya joto jingi, kwa hiyo mlango wa gesi unapoa ghafla wakati hatua chache mbele pamewaka. Sentimita chache za kigae kimoja, baridi huku na moto kule. Kampuni ya Hexis ya Winterthur, Uswisi, ilijaribu kutoroka mtego huu kwa kuifanya seli kuwa duara lenye tundu katikati: gesi huingilia katikati, husambaa kuelekea nje, na masalio huungua ukingoni, hivyo ukingo wa nje hauhitaji kuzibwa. Ni wazo la mrija lililolazwa chali, na lilistahili soko kubwa kuliko lilivyopata.

Hesabu ya mfululizo nayo tuitazame. Tuseme kila seli ina uwezekano wa asilimia 99.9 wa kumaliza mwaka ikiwa nzima. Inasikika vizuri. Ukizipanga 40 kwa mfululizo, uwezekano wa rundo lote kuwa zima ni asilimia 96. Ukizipanga 1,000 kwa mstari mmoja, unashuka hadi asilimia 37. Watengenezaji wa mabamba wanaijua hesabu hii, na jibu lao limekuwa kuuhamisha usalama kutoka ndani ya rundo kwenda nje yake. Bloom Energy ya California, iliyoanzishwa mwaka 2001 na KR Sridhar, ambaye kabla ya hapo alishughulika na kutengeneza oksijeni kwa ajili ya safari za Mars, hupanga vigae bapa kuwa marundo madogo, marundo yakawa moduli, moduli zikakaa kwenye makabati yanayofanana na majokofu. Moduli moja ikidhoofika huondolewa na kubadilishwa, nyingine zikiendelea. Novemba 2024 kampuni ya umeme ya AEP ilikubaliana nayo mkataba wa hadi gigawati moja, hasa kwa ajili ya vituo vya data vinavyokosa umeme wa gridi. Kwa hiyo bamba limeshinda, na kwa kazi ya aina hiyo limeshinda kihalali: gesi haikatiki, mzigo ni uleule usiku na mchana, na fundi wa kubadilisha moduli anapatikana kwa simu moja. Lakini tuelewe kilichonunuliwa hapo. Mteja amenunua rundo pamoja na ahadi ya kubadilishiwa rundo.

Kuna jaribio la Ujerumani linalotajwa sana kutetea bamba. Kituo cha utafiti cha Jülich kiliwasha rundo dogo mwezi Agosti 2007 na kuliacha kwenye nyuzi 700 hadi Januari 2019, jumla ya saa 100,000. Ni kazi ya kupigiwa saluti. Ila rundo lile lilikuwa na seli mbili, na lilitunzwa maabara. Ninapoona namba hiyo imebandikwa kwenye hoja ya kuuza mtambo wa mamia ya seli, nafsi yangu inakataa. Uvumilivu wa moto usiozimwa ni kitu kimoja, uvumilivu wa kuzimwa na kuwashwa ni kingine kabisa.

Hapo ndipo nikeli iliyomo kwenye anodi inapoonyesha udhaifu wake. Gesi ikikatika ghafla rundo likiwa bado na moto, oksijeni hufika kwenye anodi, nikeli hurudi kuwa oksidi, huvimba, na kuipasua elektroliti iliyo juu yake. Kadiri anodi inavyokuwa nene, ndivyo inavyovimba kwa nguvu. Seli ambazo uti wake wa mgongo, yaani tabaka nene linalobeba mengine, ni anodi, zenye umeme mwingi kwa kila sentimita, ndizo zinazoumia zaidi. Zile ambazo uti wake ni elektroliti nene, kama mikromita 150 au 200, husamehe zaidi, lakini hutaka joto kubwa ili ioni zipite unene wote ule. Hakuna chaguo lisilo na bei.

Hoja hii inamhusu mhandisi wa Dar es Salaam kwa namna isiyomhusu yule wa California. Gesi ya Songo Songo imekuwa ikifika jijini tangu 2004, na sehemu yake kubwa sana ni methani, fueli ambayo seli hizi huipenda. Siku mtu atakapoleta kabati la kwanza na kulipigia debe kwa asilimia 60 za ufanisi, ningeomba aulizwe bomba likikosa msukumo saa nane usiku itakuwaje. Nani atapeleka gesi ya kuilinda anodi wakati rundo linapoa? Litapoa kwa saa ngapi? Litahimili mara ngapi? Na seli moja ikifa, zitazimika ngapi pamoja nayo?

Wajapani walijiuliza maswali ya aina hii mapema, kwa kuwa mtambo wao uliwekwa uani kwa watu wa kawaida. Aprili 2012 Osaka Gas ilianza kuuza mtambo wa nyumbani wa wati 700 uliotengenezwa pamoja na Aisin na Kyocera. Ufanisi wake wa umeme ulikuwa asilimia 46.5, na matoleo ya baadaye yamefika 55. Seli ya Kyocera ni mrija bapa. Gesi hupita ndani kwenye vitundu, hewa hupita nje, na kiunganishi kiko kwenye uso mmoja ulio bapa, hivyo umeme hukatiza badala ya kuzunguka. Chini mirija imesimikwa na kuzibwa mara moja tu, na juu iko huru, ambako masalio ya gesi huungua na kupasha kifaa cha kugeuza gesi kilichoko juu yake. Ni Westinghouse na bamba wameoana. Mitsubishi wakachukua njia nyingine: mrija mmoja wa kauri isiyopitisha umeme, na juu yake seli nyingi fupi zimechapwa kama bangili mkononi, zikifuatana kwa mfululizo. Volti inapanda, mkondo unabaki mdogo, na mirija inaunganishwa sambamba. Mtambo wao wa kilowati 250, unaoshirikiana na turbini ndogo ya gesi, ulifanyiwa majaribio Chuo Kikuu cha Kyushu kuanzia 2015. Mrija ukivunjika umepoteza bangili zake zote, lakini ni mrija mmoja kati ya mingi.

Mfano unaonizuia kusema bamba haliwezi kuzimwa na kuwashwa uko mbali sana na hapa. Kifaa cha MOXIE, kilichopelekwa Mars ndani ya gari la Perseverance, ni rundo la seli bapa kumi linaloendeshwa kinyumenyume: linapewa umeme, linatoa oksijeni kutoka kwenye kaboni dioksidi. Kati ya Aprili 2021 na 2023 lilifanya kazi mara 16 na kutoa gramu 122 za oksijeni, na kila mara lilianza likiwa baridi, likapashwa hadi nyuzi 800 kabla ya kazi. Seli kumi, upashaji joto wa polepole, na timu nzima ya wanasayansi wakilitazama. Linawezekana, basi, kwa masharti hayo.

Kwa sasa macho yangu yako kwa wanaoweka chuma chini na kauri juu. Ceres, kampuni iliyotoka Imperial College London, huchapa tabaka zake juu ya bamba jembamba la chuma cha feriti lililotobolewa matundu madogo kwa leza. Elektroliti yake ni ya kauri nyingine, seria iliyotiwa gadolinia, inayopitisha ioni vizuri kwenye joto la chini, kwa hiyo rundo hufanya kazi kwenye nyuzi 600 na kidogo. Uti wa mgongo ni chuma, na chuma hujikunja kabla ya kupasuka. Upande wa gesi huzibwa kwa kuchomelewa, kazi ambayo fundi wa chuma anaielewa na kuiamini kuliko kioo kilichoganda. Seria ina kasoro yake: huruhusu elektroni chache kupenya, na hivyo volti hupungua kidogo. Nacho chuma huota kutu taratibu kwa miaka, na mvuke wa kromiamu unaotoka humo huichafua kathodi. Doosan ya Korea Kusini, yenye leseni ya teknolojia hiyo, ilianza uzalishaji wa kiwandani mwaka 2025. Mitambo hiyo ikishakaa kwa wateja miaka mitatu au minne, nitataka kuona daftari la matengenezo: ni mara ngapi ilipoa hadi baridi ikawashwa tena, na baada ya kila mara volti ya seli dhaifu kuliko zote ilikuwa ngapi.